Nambari Sita Kabla ya Sabato

Kila Ijumaa jioni, pale Nyaramba, Phanice alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu: kuchaji simu ya kwaya, kuizima, na kuiweka kabatini hadi Sabato ipite. Ukurasa wa kwaya mtandaoni ulihifadhi nyimbo zao zote, ukiwemo wa mwisho alioimba Nyanya Bosibori kabla ya kufariki. Nakala nyingine haikuwepo.

Ijumaa hiyo ujumbe uliingia kutoka kwa Dada Celestine, mwimbaji mwenzao. "Phanice, harakisha! Nataka kupakia wimbo kabla Sabato haijaingia. Nitumie nambari sita za ile programu."

Programu hiyo aliiweka Shangazi Kwamboka, mwalimu wa kwaya, katika simu hiyo. Anayeingia katika ukurasa huandika neno la siri, kisha nambari sita ambazo programu huzibadilisha kila mara.

"Si umtumie tukale!" kaka yake Andrew alimhimiza. "Kwani unalinda benki?"

Phanice alianza kuandika. Kabla hajamaliza, nambari zikabadilika. Akaanza upya, kidole kikasita. Mbona Dada Celestine, anayekaa ng'ambo ya kijito tu, hakupiga simu?

"Nampigia."

"Jua linazama, wewe!"

"Lizame nikiwa na hakika."

Celestine aliitika upesi. "Wimbo gani tena? Mimi nasonga ugali! Jana mtu alijidai mhudumu wa simu, nikamsomea nambari zilizoingia kwangu. Tangu hapo jumbe zangu hazifunguki."

Phanice alimkimbilia shangazi yake, akamweleza. Shangazi alishika kichwa. "Na neno la siri tulilianika kwenye kundi la kwaya! Huyo mwizi aliyeteka jumbe za Celestine amekwisha kulisoma humo. Alibakiza nambari tu."

Walilibadilisha papo hapo. Andrew alitazama vidole vya miguu yake.

"Programu ni kufuli imara, watoto wangu," Shangazi alisema, "lakini kufuli haimjui anayeifungua. Atakayewaomba nambari hizo, hata kwa jina langu, mnyimeni."

"Hata wewe, Shangazi?"

"Hata mimi! Nikizihitaji, nitakuja kuzisoma kwa macho yangu. Na mkiharakishwa, hapo ndipo mtulie muulize."

Phanice aliizima simu, akafunga kabati, jua likazama.

Jumamosi jioni, Sabato ilipokwisha, aliiwasha tena, akaucheza ule wimbo wa mwisho. Sauti ya Nyanya Bosibori ikajaa sebuleni, na Andrew, bila kuombwa, akaitikia kwa besi.