Inchi Tatu za Chapuchapu

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alivua sare, akala akiwa wima, kisha akakimbilia chumba cha mbele ambako mama yake alishona nguo. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, maana mtoto huyo hakujua kutembea wala kungoja. Hata akikalia kigoda, mguu mmoja ulikuwa unatikisika.

Kazi yake ilikuwa moja. Mama alimpima mteja na kutaja vipimo kwa sauti, naye akavirudia kwenye simu ya kazi. Ndani ya simu mlikuwa na msaidizi wa akili mnemba, aliyepanga vipimo hivyo katika orodha ya kukatia vitambaa. Kilichomkera Chapuchapu ni kuanza upya kila jioni: "Andika kwa inchi. Anza na bega, kisha kifua, kiuno, mwisho urefu." Kesho yake yale yale, mpaka mdomo unachoka.

Jumatatu dada yake mkubwa alimhurumia, akamfungulia ukurasa wa maagizo ya kudumu.

"Ukiandika agizo hapa, msaidizi atalifuata siku zote bila kuambiwa tena," alisema.

Chapuchapu aliandika habari ya inchi na mpangilio, akafurahi utadhani amesamehewa kuosha vyombo mwaka mzima. Ukurasa ulikuwa bado wazi mama muuza maziwa alipoingia na kitambaa kilichopelea.

"Huyu mpunguzie urefu inchi tatu," mama yake alimwambia. "Kitambaa chake hakitoshi."

Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba. Chapuchapu, jicho moja simuni na jingine mlangoni, aliandika pale pale: Punguza urefu inchi tatu. Akatoka mbio.

Jumatano walikuja wasichana watano wa kwaya ya shule kupimwa magauni ya mashindano ya Jumamosi. Mwalimu wao alikuwa ameshasema kwamba gauni lisilofunika magoti halipandi jukwaani. Kitambaa chao cha buluu kilitosha magauni matano tu, na dukani hakikubaki hata kipande.

Alhamisi jioni Filimbi, mmoja wa wale watano na rafiki yake Chapuchapu mwenye sauti kali kuliko wote, alikuja kujaribu gauni la kwanza. Mabegani lilimkaa vizuri. Chini, magoti yote mawili yalikuwa nje.

"Shangazi, sasa mimi sitaimba?" Filimbi aliuliza, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Ngoja kwanza, mwanangu." Mama alipima gauni, akatazama orodha, akapima tena. Vyote vilisema inchi thelathini na tano. Akakaa kitini taratibu. "Miaka yote hii nashona, sijawahi kukosea hivi. Labda nilisoma tepu vibaya. Nadhani macho yangu yameanza kuniacha. Kesho nitakwenda kupimwa."

Chapuchapu aliichukua simu, akapekua maneno aliyoyasema Jumatano. Filimbi, urefu thelathini na nane. Kwenye orodha, thelathini na tano. Wasichana wote watano walikuwa wamepunguziwa inchi tatu. Alifungua ukurasa wa maagizo ya kudumu, na mstari wake ulikuwa pale pale, unamkodolea macho.

Wazo baya likamjia haraka, kama mawazo yake yote. Angeufuta mstari ule kimya kimya na kurekebisha orodha. Nani angejua? Mama angeamini ni macho, naye asingenyang'anywa simu. Mguu ukamtikisika mpaka kigoda kikalia.

Mama alikuwa ameshatandika kitambaa cha pili na kuchora chaki kwa kufuata orodha ile ile. Akashika mkasi.

"Mama, usikate," Chapuchapu alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Si macho yako. Ni mimi."

Akaeleza yote, hata lile wazo la kufuta. Mama aliuweka mkasi mezani. Alikasirika, na hakuficha.

"Unajua ningeharibu yote matano?"

"Najua, mama."

Mama akamvuta karibu. "Niliposema mpunguzie huyu, nilikuwa na maana ya huyu tu, siku ile tu. Wewe umelifanya sheria ya kila anayeingia mlangoni. Hicho chombo hakijui kwamba mama muuza maziwa ameshaondoka. Kinafuata ulichokiachia. Kabla hujaandika, simama ujiulize: hili ni la leo, au la siku zote?"

Chapuchapu aliufuta mstari ule mbele ya mama, ukabaki ule wa inchi na mpangilio. Orodha ikaandikwa upya, na mama akaihakiki jina kwa jina.

Gauni la Filimbi liliongezwa mkanda mweupe chini, uliotoka kwenye mabaki ya kitambaa cha kola. Ili asionekane peke yake, mengine manne nayo yakashonewa mkanda. Ijumaa jioni mwalimu wa kwaya aliyatazama yote, akasema mtindo huo umempendeza. Filimbi alicheka mpaka akakohoa.

Walipobaki wawili, mama alikunja tepu yake.

"Na wewe nakupa agizo moja la kudumu," alisema. "Ukikosea, niambie kabla ya mkasi."

"Hilo ni la siku zote, mama," Chapuchapu alijibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile mguu wake ukatulia.