Aliyekaa Kitovuni

Fakhriya alizuia pumzi, na pumzi ikaendelea kusikika.

Ilikuwa baada ya alasiri, nyumbani kwa shangazi yake, mjini Ibra, Oman, mwaka wa themanini na mbili. Tangu alipoachwa na mumewe alikuwa hapati usingizi, na mwalimu mwenziwe wa Kihindi pale skuli akamfundisha kukaa mkekani, kufumba macho na kuifuata pumzi katika vituo vya nguvu za mwili: mwisho wa uti wa mgongo, kitovuni, moyoni, kooni, kati ya nyusi, mpaka utosini. Ilimpa raha. Leo, kitovuni, alimkuta mtu anahema.

Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Kila alipokaa tena, yule mtu alikuwa kapanda. Siku yule alipofika kooni, Fakhriya alikuwa anamimina kahawa, sauti nzito ya kiume ikamtoka: "Hadha beyti." Hii nyumba yangu.

Shangazi Ghaniya akaangusha kikombe. "Ya Rabbi! Mwanangu, umemfungulia nani?"

Akaitwa Maalim Marhoun, mganga. Akafukiza ubani, akasoma. Jini akataka pete ya fedha, damu ya mbuzi, na Fakhriya asikae tena mkekani.

"Mpe, mwanangu," Shangazi alinong'ona.

"Wengi huwapa, wakatulia," Maalim akasema.

Fakhriya akafikiri. "Mbona anaogopa nikikaa?" Akautandaza mkeka. "Simpi kitu, Maalim. Mume wangu alinitoa kwake, nikanyamaza. Humu ndani yangu sitoki. Wewe soma tu."

Akakaa. Akashuka mpaka mwisho wa uti wa mgongo, akaanza kupanda na pumzi yake, na yule akamkaba koo, akamtia baridi tumboni, akamwita kwa sauti ya mumewe, kisha kwa sauti ya marehemu mama yake, na jasho likamtiririka na meno yakagongana, naye akazidi kupanda, akimsukuma, kitovuni, moyoni, kooni, mpaka kati ya nyusi pakamuuma kama panapasuliwa, na utosini kitu kikachomoka kwa ukelele uliowafanya mbuzi wa jirani wakate kamba.

Maalim alikuwa kasita kusoma.

Shangazi, huku analia, akaukimbilia mkeka aukunje akautie moto.

Fakhriya hakuinuka. "Uwache, Shangazi," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Kesho nakaa tena."