Picha ya Pili

Ukumbi wa kusubiri ulifurika wagonjwa asubuhi ile. Mpigapicha wa eksirei alipoufungua mlango wake kwa haraka, nusura amwangushe mshonaji aliyembeba mtoto wa dada yake. Mwanamke yule alivaa gauni la samawati lililomkaa sawasawa, na futi ya kupimia nguo ingali shingoni.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Sijaumia. Lakini mlango wako una hasira kuliko wewe."

Wakacheka. Mtoto alikuwa na kikohozi kisichokoma, na daktari aliagiza picha ya kifua. Mpigapicha alimsimamisha mbele ya mashine, akasimama na mama mdogo nyuma ya kioo cha kuzuia mionzi, akasahau kuipunguza. Mgonjwa aliyetangulia alikuwa mtu mzima mnene, na mashine ilibaki kwenye kipimo chake. Mpigapicha alibonyeza huku akimtazama mshonaji. Mtoto akageuka, picha ikaharibika.

"Turudie, tupate iliyo safi zaidi," alisema kwa upole, akarudia kwa kipimo kile kile.

Mshonaji aliupenda uangalifu ule. Tangu siku hiyo akamwita Bwana Mara Mbili.

"Bwana Mara Mbili, umekula?" alikuwa akimuuliza kwenye simu.

"Nimekula, mpenzi."

"Kula tena basi. Si ndiyo tabia yako?"

Naye alikuwa akicheka, kisha akibaki ameinamisha kichwa. Alipendwa kwa ajili ya kosa lake, na alijua. Bado alinyamaza, mpaka mshonaji alipomwambia dukani kwake:

"Jumapili dada anataka kukuona kabla hujaleta posa. Nimemweleza jinsi ulivyomhangaikia mwanawe."

"Sikumhangaikia. Nilikuwa nakutazama wewe. Picha ya kwanza niliiharibu kwa uzembe, na zote mbili nilizipiga kwa mionzi ya mtu mzima."

Cherehani ikanyamaza.

"Ataugua?"

"Hatari ni ndogo sana. Lakini mwili wa mtoto ungali unakua, na mionzi humwathiri zaidi. Hakustahili hata chembe ya ziada."

"Mimi simkatii mtoto gauni kwa kipimo cha mama yake," alisema mshonaji. "Na nikakusifu kwa watu! Toka, tafadhali."

Alitoka. Kesho yake alikiri kwa mkuu wake, akaomba kwamba tangu hapo asipigwe mtoto picha kabla ya kupimwa unene wa mwili, wala kabla daktari hajaulizwa kama picha hiyo ni ya lazima. Alimpigia mshonaji simu mara nyingi, haikupokelewa.

Mvua zilipoanza, kikohozi kilirudi. Mshonaji akasimama mlangoni na mtoto, katika gauni lile lile la samawati.

"Mwenzangu yuko chumba cha pili," alisema mpigapicha.

"Nimemwona. Nimekuja kwako. Dada anajua yote. Amekasirika, lakini amesema twende kwa anayejua alipokosea."

Kwanza mpigapicha alimpigia daktari simu, akahakikishiwa kwamba picha ni ya lazima.

"Niazime futi yako."

Akampima mtoto kifua, akapunguza mionzi, akaibana iangukie kifua tu.

"Sasa bana pumzi, mwanangu, kana kwamba unazama majini."

Nyuma ya kioo, bega la mshonaji liligusa la mpigapicha. Macho ya mpigapicha hayakumwacha mtoto. Akabonyeza.

"Turudie?" aliuliza mshonaji kwa sauti ndogo.

"Hapana. Imetosha hiyo moja."

"Hukunitazama hata kidogo."

"Sikukutazama."

Mshonaji akajifuta macho, akaitwaa futi yake na kuivaa shingoni.

"Basi Jumapili njoo kwa dada. Umwombe radhi kwanza. Hilo jingine utamwomba akishakusamehe."