Bunduki Hainyamazi

Gudveig alikuwa zizini akikamua ng'ombe. Mumewe, Torleif, alimsemesha, akamsemesha tena, hakujibiwa.

"We Gudveig! Umekuwa kiziwi?"

"Sikio hili la kushoto linalia," Gudveig alisema. "Kama nzi aliyefungiwa chupani. Tangu nianze mazoezi ya bunduki."

Gudveig alikuwa mwindaji mpya. Vuli ile angeingia msituni kwa mara ya kwanza na kikundi cha bondeni kuwinda elgi, yule mnyama wa pembe pana anayemshinda ng'ombe kwa ukubwa. Bunduki alikuwa nayo, na kibali chake. Lakini kila akifyatua, kishindo kilimpasua kichwa, ingawa alivaa vikinga masikio. Hata mbwa wake, Tussa, akiona bunduki alijificha chini ya meza.

"Nunua kiwambo cha sauti," Torleif alimshauri. "Kile kibomba kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Wawindaji wengi wanacho."

"Hata Halvard anacho."

"Halvard kafanya nini tena, mke wangu?"

Torleif aliuliza tu, jibu alilijua. Halvard alikuwa jirani yao. Waligombana naye juu ya ua wa mpakani, na maneno yale hayakuisha. Kisha majira ya baridi yaliyopita, Gudveig alikuta mzoga wa elgi nyuma ya zizi, umeliwa nusu, theluji imelowa damu. Wao ndani ya nyumba hawakusikia mlio wowote.

"Mtu anaua mnyama mlangoni pangu na mimi nisisikie?" alisema siku ile. "Ni mwenye kiwambo tu." Tena hakuyaweka moyoni. Aliwanong'oneza wanawake wa kanisani, nao wakawanong'oneza waume zao.

Kwa hiyo Gudveig hakutaka ushauri wa Halvard. Alijinunulia kwa mtu asiyemjua kiwambo kilichokwisha kutumika. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, na kiliingia mtutuni kwa urahisi. Kwa urahisi mno.

Jumamosi akaenda nacho uwanja wa shabaha. Halvard alikuwepo, anakunywa kahawa. Gudveig alijilaza, akashika bunduki.

"Usipige!" Halvard alipaza sauti. "Dada, usipige!"

Gudveig akageuka, uso umekunjamana. *Ananionea wivu huyu. Hataki niwinde.*

"Kuna nini?"

"Kiwambo chako kinainama. Toa risasi zote kwanza, halafu nikuonyeshe. Usiponiamini, waulize hao wengine."

Gudveig alitoa risasi, akafungua bunduki, akachungulia chemba ya risasi kuhakikisha ni tupu. Halvard alikigusa kiwambo kwa kidole. Kikacheza kama jino bovu.

"Unaona hesi hizi, mikato hii ya kuzungushia? Za kiwambo ni pana kuliko za mtutu wako. Kimeshika kidogo tu. Risasi ingegonga ukuta wake wa ndani, na kiwambo kingeruka vipande vipande."

"Aliyeniuzia alisema kinaingia bunduki zote."

"Hakuna kiwambo cha bunduki zote, jirani. Nenda dukani na bunduki yako, au na karatasi yake. Hesi zilingane na mtutu. Kiwe kimetengenezwa kwa risasi unayotumia, maana cha risasi nyembamba ukikipigia risasi nene, umekwisha. Halafu chukua kifupi, chepesi. Msituni kirefu kinanasa matawi."

*Mbona ananisaidia?* Gudveig alijiuliza. *Mwenye hatia hujipendekeza.* Hata hivyo dukani alienda, na muuza duka akamwambia maneno yaleyale. Hilo lilimkera zaidi.

Jumamosi iliyofuata alirudi na kiwambo kipya. Halvard alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni, akimwelekeza kwa mdomo.

"Bunduki ni tupu? Vizuri. Pangusa hesi, zisiwe na mchanga. Zungusha kwa mkono mpaka kikae kabisa, kisibakize nafasi. Sasa toa kile chuma cha kufungia nyuma, uchungulie kutokea huko. Unaona nini?"

"Duara la mwanga."

"Liko katikati?"

"Katikati kabisa."

"Basi kiko sawa. Masikio uvae vilevile. Na upige shabaha upya, maana kiwambo huweza kuhamisha mahali risasi inapotua."

Gudveig alilenga, akafyatua. Paa! Vilima vikarudisha mlio. Aliduwaa. Kishindo hakikumpasua kichwa, bega halikumuuma. Lakini bunduki ililia!

"Mbona inasikika?"

Halvard akacheka. "Ulidhani itanyamaza? Kiwambo kinapunguza tu. Ukipiga hapa, hata kanisani wanasikia."

Gudveig aliiweka bunduki chini polepole.

"Halvard. Yule elgi nyuma ya zizi langu..."

"Nimesikia unayoyasema. Kanisani watu wanahamia benchi jingine nikikaa. Ulitafuta tundu la risasi kwenye mzoga?"

"Hapana."

"Na nyayo? Mbwa mwitu walipita bondeni wiki ile."

Gudveig hakuwa ametafuta chochote. Alikuwa na mtu wa kumlaumu, ikamtosha.

Msimu ulipofunguliwa, sikio la Gudveig lilikuwa limeanza kutulia. Kila baada ya mazoezi alikifungua kiwambo na kukikausha, kisipate kutu. Tussa naye alianza kutoka chini ya meza.

Asubuhi ya mawindo, kikundi kilikusanyika kuzunguka moto. Gudveig alisimama.

"Nilisema Halvard aliua elgi kwangu. Nilisema uongo. Risasi ingepigwa pale, tungeisikia, kiwambo au bila kiwambo. Sikuchunguza. Mliosikia kwangu, sikieni kwangu tena."

Moto ulitatarika. Halvard alikuwa peke yake kwenye gogo. Akasogea pembeni, akapangusa theluji kwa glavu yake.

"Kaa hapa, jirani," alisema. "Utaganda ukisimama."