Kombania Iliyoitika

Kombania ya Tatu ilikuwa imeshamaliza kujibu, lakini sauti moja ikaendelea.

Lilikuwa somo la historia ya kikosi, ambalo kila askari wa miguu katika walinzi wa Tsar alilishindilia kichwani hadi akalinena usingizini. Sajini Averyan Luzgin, mkuu wa askari wa kombania ile, alisimama mbele ya mabenchi akauliza kama alivyouliza kila majira ya baridi: "Kikosi chetu kimemwaga damu wapi?"

Wakajibu kwa pamoja, vifua mbele: "Poltava! Borodino! Leipzig! Varna! Warsaw!"

Hapo wakanyamaza, maana historia ilikuwa imeishia hapo. Ndipo ikasikika sauti ya mtu mzima, tulivu, kutoka benchi la mwisho, karibu na jiko la kupashia bweni joto.

"Na Gorna Vrana."

"Nani huyo?" Luzgin akakunja uso. "Nani anayetutilia chumvi kwenye historia ya kikosi?"

Tikhon Kruglov, ambaye hakuna msiba uliowahi kumfunga mdomo, akainuka. "Bwana Sajini, huenda ni panya. Panya wa Petersburg wamesoma kutuzidi sisi."

Bweni zima likacheka, hata Luzgin mwenyewe akatabasamu chini ya masharubu. Lakini wanaume walipotoka kwenda uwanjani, alikwenda hadi lile benchi la mwisho. Hakuna aliyekuwa amekaa pale. Ubao ulikuwa umelowa, na ulinuka sufu mbichi na baruti.

Alijua ni nani aliyemleta mwenye sauti ile, ingawa hakutaka kukiri: ni yeye mwenyewe. Vuli ile kikosi kilihama kutoka mabweni ya zamani ya mbao na kuingia katika jengo jipya la mawe kando ya mfereji. Na mtu akihama nyumba hamwachi nyuma Babu, yule jini wa nyuma ya jiko anayelinda kila nyumba. Ukimwacha atalia kwenye magofu, na kilio chake kitakufuata. Basi Luzgin akafanya kama mama yake alivyofanya kijijini. Alichukua kiatu kikuukuu kwenye lundo la ghala, akakifunga kamba, akakikokota uani akisema, "Babu, panda, twende zetu kwenye nyumba mpya." Kiatu kikawa kizito. Akafurahi. Hakuuliza kiatu kile kilivuliwa kwenye mguu wa nani, wala katika vita gani.

Desemba ya Petersburg haina mchana wa kutosha. Askari walipomaliza supu ya kabichi na kulala kidogo kama ilivyo desturi baada ya chakula, madirisha yalikuwa tayari yameanza kuwa meusi. Ni katika usingizi huo wa alasiri mambo yalipoanza.

Wa kwanza alikuwa Kruglov. Aliamka akiwa ameketi wima, mkono kifuani.

"Kuna mtu amenipapasa," alisema.

"Mchumba wako wa sokoni," mmoja akamtania.

"Nyamaza wewe. Nasema kuna mtu amenipapasa."

Wenzake walisogea. Kila mmoja alizaliwa katika nyumba yenye jiko, na kila mmoja alijua swali linalofuata. Aliyeliuliza alinong'ona: "Mkono ulikuwa wa joto au wa baridi?"

Mkono wa joto wenye manyoya ni heri. Mkono mtupu, wa baridi, ni kifo.

Kruglov alitazama huku na huku akitafuta mzaha, akaukosa. "Kama mtutu wa bunduki uliolala nje," alisema.

Kesho yake walipapaswa wengine, na keshokutwa wengine tena. Wanaume warefu, waliochaguliwa mikoa yote ya nchi kwa vimo na mabega yao, walianza kulala wakiwa wameshikana mikono kama watoto wa mama mmoja. Padri wa kikosi akanyunyiza maji ya baraka kuta zote. Yalipokauka, harufu ya baruti ilirudi kali zaidi. Kapteni akapiga marufuku maneno hayo: walinzi wa Tsar hawaogopi mashetani ya wakulima.

Katika waliopapaswa alikuwemo Savva Ryabinin. Huyu alikuwa ndugu wa mwisho wa Glafira, mke wa Luzgin. Glafira alimlea mikononi tangu mama yao alipofariki, na Luzgin ndiye aliyemwombea nafasi katika kombania ile ili awe karibu na dada yake.

"Wa baridi, shemeji," Savva alimwambia kwa sauti ya chini, akijaribu kucheka. "Usimwambie dada."

Siku hiyo Luzgin hakwenda chumbani kwake kupumzika. Alilala kwenye kitanda cha askari aliyekuwa hospitalini, akajifunika koti, akasubiri. Pumzi za wanaume zikawa nzito. Makaa yakashuka jikoni. Kisha akasikia mtu akiteremka nyuma ya jiko, taratibu, kama mzee mwenye mgongo, hatua moja ya kiatu na hatua moja ya mguu mtupu, kiatu, mguu, kiatu, mguu, akisimama kila kitanda, na kila aliposimama aliyelala alivuta pumzi kwa ghafla kama aliyetumbukizwa kwenye maji ya barafu, halafu akalegea, na hatua zikaendelea kuja, na ile harufu ya sufu iliyolowa na baruti ikatangulia mbele yake ikiwa na harufu nyingine chini yake, ya udongo uliochimbwa leo, na Luzgin alitaka kuita jina la Mungu lakini ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa, mpaka zile hatua zikafika kwake, zikasimama, na mkono ukashuka juu ya moyo wake.

Ulikuwa wa joto. Ulikuwa na manyoya, laini kama ya mwanadubu. Ulimpapasa mara moja kwa huruma, ukaondoka.

Alipowauliza askari jioni, mmoja mmoja, pembeni, hakuna hata mmoja aliyepata mkono kama huo. Akaenda chumbani alimoishi na Glafira.

Hakuwa na tabia ya kumficha mkewe. Glafira alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza neno moja tu.

"Savva?"

"Baridi."

Glafira akajifunga shali. "Nakwenda kumwita Mama Kaisa."

Mama Kaisa alikuwa Mfini aliyeleta maziwa pale jikoni kila asubuhi kwa gari lake la theluji, na mjini wote waliamini kwamba Wafini wanajua kusema na upepo. Aliingia Jumapili, kombania ikiwa kanisani. Aliweka ndoo chini, akanusa, uso ukambadilika.

"Huyu si Babu wa nyumba, mwanangu," alimwambia Luzgin. "Babu wenu mlimwacha kule, wakambomolea. Huyu ni wa vitani. Huwafuata askari, huwajua wa kwake kabla ya siku yao."

"Mtoe, mama."

"Nitamtoa."

Alisogea hadi kwenye jiko akazungumza na ukuta kwa Kifini, kwanza kwa upole kama anayembembeleza ng'ombe, kisha kwa ukali. Ukuta ukajibu. Luzgin alisikia sauti nyingi ndani ya moja, zikinong'ona kwa haraka, na akatambua baadhi yake: ya Kruglov, ya Savva, sauti za watu ambao dakika ileile walikuwa kanisani wakiimba. Kiatu kikuukuu kikaanguka kutoka nyuma ya jiko. Mama Kaisa akakifunga kwa kitambaa chake, akakipeleka mferejini, akakizamisha kwenye tundu la barafu.

Harufu ikaisha papo hapo. Glafira alipiga magoti, akamshika yule mwanamke miguu. "Tumepona, mama? Niambie tumepona."

Mama Kaisa alijinasua taratibu. "Nimemtoa anayesema, binti yangu. Yanayosemwa siwezi kuyatoa."

Baada ya hapo bweni likawa tulivu. Askari walirudia utani wao, na Kruglov akajigamba kwamba jini alimkimbia yeye kwa sababu ya soksi zake. Majira ya kuchipua yakaja, na pamoja nayo habari ya vita na Waturuki. Kiangazi, walinzi wakiwa kwenye kambi ya mazoezi nje ya mji, ikatoka amri: kikosi kinakwenda ng'ambo ya Danubi.

Glafira alimfuata mumewe kambini, akamkuta nyuma ya hema.

"Averyan, mvunje Savva mguu."

"Wewe mwanamke una wazimu? Nimekula kiapo."

"Na mimi niliapa kwa mama yangu akiwa anakata roho. Mguu tu. Atachechemea, ataoa, atanizika. Mvunje."

Luzgin alilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yake. Kesho yake, walipokuwa wakipakia magogo, alimwita Savva upande wa nyuma wa gari, akaondoa kigingi. Gogo likashuka juu ya mguu wa kulia. Watu wote waliita ajali. Savva peke yake, akiwa amebebwa juu ya koti, alimtazama shemeji yake usoni muda mrefu.

Treni ikaondoka bila yeye, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba Luzgin alilala usingizi wa kweli.

Walikuwa wameshavuka Danubi, mvua ya vuli ikiwanyeshea, wakati mtu mmoja aliposhuka kwenye gari la mikate akiegemea fimbo. Kombania ikalipuka kwa vifijo. Alikuwa Savva.

"Wenzangu waende kufa mimi nilishwe uji na watawa hospitalini?" alisema akicheka, huku machozi yakimlengalenga. Kisha akamvuta Luzgin pembeni. "Najua ni wewe, shemeji. Najua pia kwa nini. Lakini wote walishikwa na mkono ule. Kwa nini nitoroke mimi peke yangu?"

"Dada yako..."

"Dada yangu umpende wewe."

Luzgin alimpiga kofi, halafu akamkumbatia, hakujua afanye nini kingine.

Waliambiwa washambulie ngome ya udongo juu ya kilima. Mchungaji mmoja wa Kibulgaria alikuwa akishusha kondoo wake, na Luzgin akamuuliza kilima kile kinaitwaje. Mchungaji akalitaja jina: Gorna Vrana. Kruglov alikuwa karibu akasikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema lolote. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaivaa tena.

Walipanda kama walivyofundishwa, safu zimenyooka, ngoma zikilia, kana kwamba wako kwenye gwaride mbele ya kasri. Risasi za Waturuki ziliwafyeka kama wafyekavyo shayiri. Luzgin alikuwa mbele, kisha alikuwa katikati, kisha akatazama huku na huku, hapakuwa na mbele wala katikati. Ngome ilitekwa na watu wa vikosi vingine.

Asubuhi yake kulikuwa na ukungu mzito. Afisa wa pekee aliyebaki, luteni kijana mwenye mkono uliofungwa bendeji, alimkuta Luzgin amesimama chini ya kilima.

"Sajini, ita majina."

"Hakuna wa kuitika, mheshimiwa."

"Ndiyo kanuni baada ya vita. Ita."

Luzgin aliwajua wote kwa moyo. Akanyoosha mgongo, akapaza sauti kwenye ukungu:

"Kruglov, Tikhon!"

"Nipo!" Sauti ilitoka juu kwenye mteremko, yenye mzaha uleule.

Luteni aliruka. "Kuna walio hai?" Luzgin aliita jina lingine, likaitikiwa. Aliita lingine, na lingine, na kutoka mitaroni, kutoka chini ya vichaka, kutoka pale ambapo tangu jana walikuwa wakifukia watu kwa koleo, wakaitika kwa ukakamavu, kila mtu kwa sauti yake, "Nipo! Nipo!", na zikasikika nyayo zikikusanyika kwenye matope, zikijipanga, bega kwa bega, ukungu ukiwa mweupe na mtupu mbele yao, mpaka likabaki jina moja.

"Ryabinin, Savva!"

"Nipo, shemeji."

Ilikuwa pale pale, begani kwake. Hakugeuka.

"Waruhusu," luteni alinong'ona. "Kwa jina la Mungu, waambie watawanyike."

Luzgin alifungua kinywa. Alijua kwamba akitoa amri ile atazisikia nyayo zikiondoka, na moja kati yake itakuwa ya mtu anayechechemea. Akafunga kinywa. Akaanza kutembea kuelekea barabarani, na luteni akamkimbilia nyuma.

Alirudi Petersburg wakati wa Kwaresima, na medali kifuani. Glafira alikuwa ameshajua. Nguo zake zilikuwa nyeusi. Alimvua koti, akamwekea chai, akaketi mbele yake. Luzgin akamweleza yote, gari la mikate, kilima, ukungu, majina.

"Aliitika?" Glafira akauliza.

"Aliitika."

"Ukawaruhusu?"

Luzgin akaangalia mikono yake. "Sikuweza."

Glafira akaiondoa chai iliyokuwa imepoa.

"Basi bado amesimama," akasema. "Kwa mguu ule uliomvunja wewe."