Mfuko wa Mashine ya Wasike

Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong wakati Adero alipofunga cherehani yake huko soko la Noonkopir, akatia mfuko kwapani na kwenda kuupeleka kwa mwenyewe. Fundi kumpelekea mteja kazi yake si habari. Habari ni kitambaa.

Mteja alikuwa Wasike, seremala mwenye karakana ya mabati nyuma ya nyumba yake hapo Kitengela. Hatimaye alikuwa amenunua mashine ya kuvuta vumbi la mbao, na alivyoichagua ungedhani anaposa. Mota ya nguvu za farasi wawili, paipu nene, fupi, isiyo na kona nyingi ili upepo usichoke njiani. Kasoro ilikuwa mfuko. Ule wa dukani ulishika maranda ukaachia vumbi laini kama unga, na hilo laini ndilo linaloua. Akaagiza mfuko wa kitambaa kizito kwa mama mmoja wa sokoni aliyesifiwa kwa mishono yake.

Hakujua kwamba huyo mama ni mjane wa Omolo, kibarua wake wa zamani. Angejulia wapi? Omolo alimpigia msasa mbao za mvule miaka mitatu bila mashine yoyote, mlango umefungwa ili upepo usiharibu vanishi. Alipoanza kukohoa damu, Wasike alimwambia ajifunge leso puani. Mazishini hakuonekana.

Kwao Waluo, anayekufa na kinyongo hubembelezwa akiache, asije akarudi akiwa jachien, mzimu wa kulipiza kisasi. Omolo akikata roho alisema, "Wasike nitamrudia." Ndugu zake wakamtazama Adero ambembeleze. Adero akanyamaza. Alimchukia Wasike kwa moyo wake wote, na hakujuta hata chembe.

Ule mfuko aliushona kwa dastikoti mbili, makoti ya kazi ya marehemu. Hakuzifua.

"Karibu, mama. Uko nayo?" Wasike alimpokea mlangoni.

"Niko nayo."

Wasike aliupapasa mfuko. "Hii kitambaa ni safi. Ulitoa wapi?"

"Ilikuwa ya mtu wa nyumba yangu."

Hakuuliza zaidi. Aliukaza mfuko kwenye mashine kwa ukanda wa chuma, akafunga mlango kama kawaida yake, akawasha.

Vuuuu...

Mfuko ulijaa. Ulipaswa kujaa mviringo.

Huu ulitoa mabega.

Halafu ikaja harufu. Mezani palikuwa na ubao mmoja tu wa saipresi, lakini harufu ilikuwa ya mvule, na jasho, na dawa ya kupaka kifuani.

"Umesikia?" Wasike alinong'ona.

"Nini?"

Kohoo... kohoo... Kilitoka ndani ya mfuko, kikavu, kisha kimya cha mtu anayetafuta pumzi. Adero alikijua kikohozi hicho. Alilala nacho kitanda kimoja miezi minane.

Paipu iliyopaswa kuvuta ikaanza kutema. Vumbi la kahawia la mvule lilimwendea Wasike usoni, puani, mdomoni. Kwa Adero halikutua hata punje.

"Zima! Swichi... iko hapo kwako, mama..."

Adero aliweka kidole kwenye swichi. Hakuibonyeza. Raha aliyoisikia ilimtisha yeye mwenyewe.

"Jifunge leso," alisema.

Wasike alianguka kwa magoti. "Wewe... ni nani?"

"Bibi ya Omolo."

Macho yakamtoka. Akaugeukia mfuko, akakusanya pumzi iliyobaki. "Omolo... nilikukosea. Nisamehe."

Adero alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku ya mazishi. Akabonyeza swichi. Mota ikazimika.

Mfuko haukunywea.

Aling'oa waya ukutani. Bado mfuko ulipanda na kushuka, polepole.

"Baba Linda," alinong'ona, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Ameomba msamaha. Imetosha."

Mabega yakageuka, yakamwelekea yeye.

"Min Linda..." Sauti, ikimwita Mama Linda kwa Kijaluo, ilikwaruza kama msasa. "Ile wiki nilikohoa damu, nilikuambia siwezi. Nani aliniambia nirudi kazini?"

Adero alifungua mdomo ajitetee. Maneno yalikuwepo. Pumzi ndiyo haikuwepo.

Majirani waliwakuta wote wawili sakafuni, na mfuko umelala bapa. Wasike alipona. Anasema paipu iliziba ikarudisha vumbi, na watu wamekubali, ingawa hakuna aliyeweza kueleza vumbi la mvule lilitoka wapi. Adero naye anakohoa kila jioni. Ndugu za Omolo, aliowasimulia yote, wamemshauri aende kaburini amwombe radhi mumewe, kama Wasike alivyoomba. Ameshaenda mara nne. Kila anapotaka kulitamka lile neno, nisamehe, kikohozi kinamkaba, na anarudi nyumbani bila kulisema.