Mawe Manne Dirishani

Bibi alimpachika mjukuu wake jina la Kiguu, yaani kiguu na njia, kwa sababu msichana huyo hakujua kukaa. Alikula amesimama, alisoma akitembea, na mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alisema siku moja atalazimika kumpima gauni huku akimkimbiza. Lakini kila alasiri baada ya shule, Kiguu alikuwa na kazi moja isiyotaka miguu: kuchemsha maharage ya porini ya Mzee.

Mzee hakuwa mzee. Alikuwa mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, aliyeitwa hivyo kwa kununa kwake. Siku hizi hata kununa kulimshinda. Muuguzi alimpima mkono kwa utepe, akaguna. "Mtoto amepungua mno. Pamoja na dawa, mpeni vyakula vya jamii ya kunde. Vinajenga mwili na kuongeza damu."

Mvua ilikuwa imegoma, na kunde za shambani zilikauka zikiwa bado na maua. Ila vichakani, maharage ya porini yalizaa kana kwamba hayakupata habari za ukame. Bibi aliyajua tangu utotoni. "Mmea huu hauna cha kutupa," alipenda kusema. "Majani ni mboga, maganda ni ya mbuzi, jivu lake hulainisha chakula kigumu. Mbegu ndiyo nyama yetu. Lakini mbegu hiyo ina sumu. Ichemshwe, maji yamwagwe, mara nne. Ukiifanyia mzaha jikoni, itakufanyia mzaha tumboni."

Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kuona rangi ya maji. Kwa hiyo walipatana: kila maji yakimwagwa, Kiguu aweke jiwe moja dogo dirishani. Bibi akipapasa na kukuta manne, huponda maharage na kumlisha Mzee.

Siku hiyo kamba ya kuruka ilikuwa inazunguka nje.

"Kiguu, zamu yako inapita," rafiki yake aliita kutoka uani. "Au umeolewa na hilo sufuria?"

Kiguu alimwaga maji ya kwanza, meusi kama wino. Akamwaga ya pili, yenye rangi ya chai. Akatazama moto, akatazama mlango. Kisha akapanga mawe yote manne dirishani, akatoka mbio.

Aliruka mara tisa tu. Ya kumi kamba ilimnasa, maana miguu ilikuwa nje lakini roho ilikuwa jikoni.

Aliporudi, alimkuta Bibi amempakata Mzee, anapuliza kijiko. "Leo moto umekutii," Bibi alisema. Mzee, ambaye wiki nzima alilishwa kwa kubembelezwa, aliinamia kijiko na kufungua kinywa mwenyewe. Mama alisimama mlangoni, uzi umemning'inia begani.

"Mwoneni," alisema taratibu. "Ameomba mwenyewe."

Nani angetaka kuharibu furaha kama hiyo? Kijiko kikapanda.

"Bibi, usimpe," alisema. "Mawe mawili ni ya uongo."

Kijiko kilisimama hewani. Mzee akaangua kilio. Mama alimchukua mtoto akampe uji wakati anasubiri. Bibi akamwaga yale yaliyopondwa, akarudisha motoni sufuria ya maharage yaliyobaki.

"Kalete maji," alisema.

Maji ya tatu yalichemka, yakamwagwa. Ya nne yakabandikwa. Muda wote huo Kiguu alikaa, hata kidole hakutikisa.

"Makubwa haya," Bibi alisema. "Kiguu ameota mizizi."

"Bibi, umenikasirikia?"

"Sana. Chochea moto."

Kuni zililia kidogo. Kisha Bibi akasema, "Unadhani mawe haya niliyaanza macho yalipochoka? Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Mama alinipa mawe manne, nami nikayaweka yote nikaenda kucheza. Mdogo wangu alitapika siku mbili. Alipona, lakini mimi nilinyamaza. Mpaka tunamzika, mama aliamini kosa lilikuwa lake."

Kiguu alisogeza ukuni motoni.

"Kukosea tumefanana, mjukuu wangu. Kwa kusema, umenipita. Chakula hiki kina nguvu, lakini kinataka mtu mkweli jikoni. Anayekula hakuyaona maji uliyomwaga. Anakula neno lako."

Maji ya nne yalimwagwa, meupe. Bibi akanyoosha mkono. Kiguu akamwekea mawe kiganjani, moja moja, mpaka manne. Bibi hakuyahesabu. Alichukua kijiko.

Mzee alikula mpaka bakuli likabaki jeupe. Akachungulia ndani, akaona hakuna kitu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akanuna vizuri kabisa.